Liganga: je, mkataba wa serikali kwa serikali ndio utakaoyeyusha chuma?

Swali: Shikamoo Mhandisi. Mimi ni mwalimu wa kemia wilayani Ludewa, mkoani Njombe. Tangu nikiwa darasa la tano nasikia kwamba chuma cha Liganga kitaanza kuchimbwa na kuyeyushwa hapa hapa. Kila ujumbe wa nchi fulani unapokuja nchini, tunasikia hati ya ushirikiano imesainiwa, na wazee wa hapa wanasema kwamba kampuni zimeshindwa, sasa serikali zenyewe zikubaliane. Je, makubaliano ya serikali kwa serikali ndiyo njia ya kupata kiwanda hicho? Nchi zilizopita njia hiyo zilipata nini? Na wanafunzi wangu niwaambie nini?

Jibu: Marahaba, Mwalimu. Wazee wako hawajakosea kabisa, kwa kuwa zipo nchi zilizopata viwanda vikubwa vya chuma kwa makubaliano ya serikali mbili, na bila makubaliano hayo zisingevipata wakati ule. Ila makubaliano ya namna hiyo yana kazi yake na yana mpaka wake. Yanaweza kuleta mkopo wa muda mrefu wenye riba ndogo, reli, umeme na mafunzo, yaani mambo ambayo kampuni peke yake huyaogopa. Hayawezi kubadilisha jiwe. Kwa sababu hiyo naomba unisamehe nikianza na jiwe lenyewe kabla sijafika kwenye meza ya mawaziri, maana naamini sehemu kubwa ya ucheleweshaji wa Liganga haieleweki mpaka mtu alielewe jiwe.

Nina kipande cha jiwe la Liganga mezani kwangu, kinachotosha kiganjani, cheusi, kizito kuliko macho yanavyotarajia, na ukikisogezea sumaku kinaruka na kung'ang'ania. Hiyo ndiyo magnetaiti. Mashapo yaliyothibitishwa huko kwenu yanatajwa kuwa tani milioni 126. Tatizo ni kwamba magnetaiti hiyo haiko peke yake: ndani yake mna oksidi ya titaniamu, zaidi ya asilimia 10, na kiasi kidogo cha vanadiamu, metali inayoimarisha chuma, ambacho hakifiki asilimia 1. Katika matangazo mambo haya matatu hutajwa kwa pamoja kama neema tatu katika kapu moja, na ni kweli kwamba yote yana soko. Lakini mbele ya tanuru, titaniamu ni mgeni msumbufu sana.

Tanuru la kawaida la kuyeyushia madini ya chuma ni lile refu linalopulizwa hewa moto kutoka chini, ambalo kwa ufupi nitaliita tanuru la mvukuto. Ndani yake makaa ya koki, yaani makaa ya mawe yaliyookwa bila hewa, yanakula oksijeni iliyoshikana na chuma, chuma kinayeyuka na kutua chini, na uchafu wa jiwe unachanganyika na chokaa kuwa mavi ya chuma yanayoelea juu, ambayo hutolewa kwa tundu lake. Kazi yote inategemea mavi hayo yatiririke. Sasa chukua tani moja ya jiwe lenye kilo 120 za oksidi ya titaniamu. Chuma kikishatoka, tuseme mavi yaliyobaki pamoja na chokaa yana uzito wa kilo 400. Titaniamu, iliyokuwa asilimia 12 katika jiwe, sasa ni asilimia 30 ya mavi. Moto ukizidi kidogo, sehemu ya titaniamu hiyo inashikana na kaboni na naitrojeni na kuwa chembe ngumu zinazohitaji zaidi ya nyuzi 2,900 za Selsiasi ili ziyeyuke, wakati tanuru pale chini lina nyuzi 1,500 hivi. Chembe hizo haziyeyuki kamwe; zinabaki kama changarawe ndani ya uji.

Niliwahi kuyaona haya kwa macho nikiwa kwenye mafunzo kazini katika kiwanda kimoja cha nje. Tundu la mavi lilifunguliwa, na badala ya kutiririka kama maji mekundu, yakatoka yakijikokota, mazito kama ugali unaokaribia kuiva, yakasimama katikati ya mfereji. Vijana wawili wakaingia na mitarimbo mirefu kuyasukuma, nyuso zao zikiwa nyuma ya ngao za waya, na msimamizi akawa anatazama saa, kwa kuwa kila dakika tanuru lisipotoa mavi, chuma kilicho chini kinapoa. Tangu siku hiyo nikisoma taarifa inayosema kwamba mradi fulani "utazalisha chuma, titaniamu na vanadiamu", swali langu la kwanza ni: kwa tanuru gani?

Mataifa yaliyolijibu swali hilo kwa kiwango cha kiwanda ni machache. China ilifanya majaribio ya miaka kadhaa katika miaka ya 1960 ndipo ikawasha tanuru la Panzhihua, mkoani Sichuan, mwaka 1970. Walijifunza kuchanganya jiwe lenye titaniamu na madini ya kawaida, kuzuia moto usizidi, na kuishi na mavi yenye titaniamu ya asilimia 20 na kidogo zaidi. Afrika Kusini ilikwenda njia nyingine pale Highveld, karibu na mji uitwao sasa eMalahleni: jiwe lilipitishwa kwanza katika tanuru la mlalo linalozunguka pamoja na makaa ya mawe ya kawaida, kisha likayeyushwa kwa tanuru la umeme, na vanadiamu ikavunwa kwa kupuliza oksijeni kabla ya kutengeneza chuma cha mwisho. New Zealand inafanya jambo linalofanana na hilo kwa mchanga mweusi wa ufukweni, pale Glenbrook. Kiwanda cha Highveld kilielemewa na madeni mwaka 2015 na matanuru yake yakazimwa, jambo ambalo halikutokana na kutojua kazi. Walijua kuyeyusha jiwe lile kwa karibu nusu karne. Nakutajia majina haya kwa sababu moja ya maana katika swali lako: serikali yoyote itakayotaka kushirikiana nasi, iwe ya nchi rafiki au tajiri kiasi gani, kwanza iulizwe kama wataalamu wake wamewahi kuyeyusha jiwe la aina hii. Kujua kuyeyusha madini mekundu ya hematiti hakutoshi.

Kwa mtazamo huo, mkataba wa mwaka 2011 haukuwa wa kubahatisha kama watu wanavyosema sasa. Septemba mwaka ule Shirika la Maendeleo la Taifa, NDC, liliingia ubia na kampuni ya Sichuan Hongda, inayotoka mkoa ule ule wa Panzhihua, na kampuni ya pamoja ikaundwa, NDC ikiwa na asilimia 20 na mbia asilimia 80. Mpango ulikuwa wa dola bilioni 3 hivi: mgodi na kiwanda Liganga, mgodi wa makaa ya mawe Mchuchuma, mtambo wa umeme wa megawati 600, na njia ya kupeleka umeme huo kiwandani. Kilichoukwamisha kinajulikana hadharani. Mbia aliomba vivutio vya kodi ambavyo Serikali iliona vimezidi, majadiliano ya bei ya umeme ambao mradi ungeliuzia shirika la umeme, TANESCO, yakavutana, na mwaka 2017 Bunge likapitisha Sheria ya Mamlaka ya Nchi Kuhusiana na Umiliki wa Maliasili pamoja na ile ya mapitio ya masharti hasi katika mikataba, hivyo mkataba wenyewe ukalazimika kurudi mezani. Angalia kwamba hakuna hata moja kati ya hayo lililohusu titaniamu. Tulishikana mashati kwenye kodi na bei kabla hatujafika kwenye jiwe, na hilo ndilo ninaloliogopa litokee tena serikali zikikaa zenyewe.

Sasa nije kwenye karatasi. Mtu akisema "serikali zimesainiana", inafaa aulizwe ni karatasi ipi. Ya kwanza ni hati ya makubaliano, ile inayosainiwa mbele ya kamera. Kwa kawaida haimfungi mtu kwa lolote zaidi ya kuendelea kuzungumza. Ya pili ni mkataba wa serikali wenyewe, unaosema mradi utakuwepo na nani atabeba nini. Ya tatu ni itifaki ya mkopo, yenye kiasi, riba na miaka ya kulipa. Kisha huja mikataba ya usanifu, ujenzi na mafunzo. Mfano tunao jirani na wewe, kwa kuwa reli ya TAZARA inapita Makambako. Makubaliano kati ya Tanzania, Zambia na China yalisainiwa Septemba 1967. Wapimaji wakapita porini kwanza, na itifaki ya mkopo wa yuani milioni 988 usio na riba, wa kulipwa kwa miaka 30, ikaja mwaka 1970. Ujenzi ukaanza mwaka huo, na kilomita 1,860 zikakamilika mwaka 1975. Huku reli ikijengwa, vijana wa Tanzania na Zambia walikuwa tayari Beijing wakisomea kuiendesha. Miaka mitatu kati ya karatasi ya kwanza na mkopo haikupotea bure. Ilitumika kupima.

Katika chuma, mfano ninaourudia kila mara ni wa Bhilai, katikati ya India. Mkataba kati ya India na Umoja wa Kisovieti ulisainiwa Februari 2, 1955, na Februari 1959 tanuru la kwanza likawashwa na Rais Rajendra Prasad. Miaka minne. Kiwanda kilipangwa kutoa tani milioni 1 za chuma kwa mwaka, na baadaye kikapanuliwa mara kadhaa. Mkopo ulikuwa na riba ya asilimia 2.5, wa kulipwa kwa mafungu 12 ya kila mwaka, na jambo ambalo wengi hulipita bila kulitazama ni kwamba India ililipa kwa rupia, na Wasovieti wakazitumia rupia hizo kununua bidhaa za India. Kwa hiyo mkopeshaji alikuwa na sababu ya kutaka uchumi wa mkopaji uende vizuri, na mkopaji hakuhangaika kutafuta fedha za kigeni katika miaka ambayo tanuru lilikuwa bado linajifunza kuwaka. Tena upande wa Kisovieti ulibeba dhamana ya kiwanda kizima, kuanzia usanifu hadi uzalishaji, na mamia ya wahandisi na mafundi wa India walipelekwa kwenye viwanda vya Kisovieti kufanya kazi kwa mikono yao kabla mitambo yao haijafungwa nyumbani.

Lakini nisiwe kama mchuuzi anayesifu upande mmoja wa embe. Bhilai ilikuwa na bahati ya jiwe: machimbo ya Dalli Rajhara yalikuwa karibu na yalikuwa na hematiti nono, isiyo na titaniamu ya kutisha. Wasovieti walileta tanuru walilolizoea, likala chakula walichokizoea. Ukichukua mkataba wa Bhilai ukaubandika Liganga neno kwa neno, utapata masharti mazuri ya mkopo na tanuru linaloziba.

India hiyo hiyo ina somo lingine la kusoma pamoja na hilo, la Bokaro. Kiwanda hicho India ilitaka kijengwe kwa msaada wa Marekani, lakini kwa kuwa kingekuwa mali ya serikali, wabunge wengi wa Marekani hawakukubali, na mwaka 1963 India ikaondoa ombi lake. Mwaka 1965 ikasaini na Wasovieti. Kabla ya hapo kampuni ya usanifu ya Kihindi ya M. N. Dastur ilikuwa imeshaandaa taarifa kamili ya mradi. Wasovieti walipoingia walikuja na michoro yao, na mapendekezo ya Dastur ya kupunguza gharama kwa sehemu kubwa yakawekwa kando. Nakiri kwamba kila nikisoma habari hiyo huumia, kwa sababu India wakati ule ilikuwa na wasanifu wake wenyewe waliokwisha kukomaa, nao wakaambiwa wasubiri nje. Mkopo wa serikali kwa serikali mara nyingi huja na kalamu ya mkopeshaji. Yeye huchora, yeye huchagua mashine, na mashine hizo hutoka kwake. Kama mkataba hausemi kwamba wahandisi wa nchi wanakaa meza moja na wachoraji tangu mstari wa kwanza, kiwanda kitajengwa, ila siku kitakapoharibika mtalazimika kumwita aliyekichora.

Kuhusu soko, kisa kinachofundisha kuliko vyote ni cha Kudremukh, kusini mwa India. Novemba 1975 serikali za India na Iran zilikubaliana kwamba Iran ikopeshe dola milioni 630 za kujenga mgodi na mtambo wa kuchenjua magnetaiti, na India imuuzie Iran tani milioni 7.5 za madini yaliyochenjuliwa kila mwaka. Kazi ilifanywa kwa umahiri. Jiwe lilisagwa hadi likawa unga, likachenjuliwa kwa sumaku, unga ukachanganywa na maji na kusafirishwa kwa bomba la takriban kilomita 67 ukiteremka milimani hadi bandari ya Mangalore. Kisha mwaka 1979 mapinduzi yakamwondoa Shah, mfalme wa Iran, fedha zilizobaki hazikuletwa, na mnunuzi akatoweka. India ikabaki na mtambo uliokamilika mwaka 1980, unaotoa unga mzuri usio na mwenyewe, kwa sababu unga wa namna ile hauwezi kumwagwa tu katika tanuru la mvukuto. Lazima kwanza ufinyangwe kuwa vidonge na kuchomwa. Ilibidi India ijenge mtambo wa vidonge wenyewe, ukaanza kazi mwaka 1987. Serikali mbili zilikuwa zimekubaliana kwa nia njema kabisa, lakini mkataba mzima ulisimama juu ya mguu mmoja, yaani mnunuzi mmoja wa bidhaa ambayo haijakamilika.

Hapo ndipo hoja ya kuuza chuma kikiwa kimekamilika inapopata nguvu yake, Mwalimu, na sheria yetu ya mwaka 2017 inayozuia maliasili ghafi kusafirishwa nje ili kuongezewa thamani huko ina mantiki hiyo pia. Nondo ya milimita 12 unayoiona dukani Ludewa ina wanunuzi Songea, Mbeya, Lilongwe na kwingineko. Mmoja akikataa, mwingine yupo. Viwanda vyetu vya Dar es Salaam leo vinayeyusha chuma chakavu au kuviringisha vipande vilivyoagizwa kutoka nje, kwa hiyo soko la chuma cha kwanza lipo hapa nyumbani kabla hatujavuka mpaka.

Ajaokuta, nchini Nigeria, ni kisa ambacho hakipendezi kukisimulia. Ushirikiano wa Nigeria na Umoja wa Kisovieti ulizaa mkataba wa mwaka 1979 wa kujenga kiwanda cha tani milioni 1.3 kwa awamu ya kwanza, na kufikia mwaka 1994 kilitajwa kuwa kimekamilika kwa asilimia 98. Tanuru lake kuu halijawahi kutoa chuma. Sababu ni nyingi, zikiwemo siasa na madeni, lakini mhandisi akitazama anaona jambo lililo wazi zaidi: kiwanda kilijengwa mbele ya chakula chake. Madini ya Itakpe, kilomita 50 hivi kutoka hapo, yana chuma cha asilimia 36 hivi na lazima yachenjuliwe kwanza. Makaa ya koki yanayofaa yalipaswa kuagizwa kutoka nje. Na reli ya kuunganisha Itakpe, Ajaokuta na Warri, iliyoanza kujengwa mwaka 1987, ilizinduliwa rasmi mwaka 2020. Asilimia 98 ya kiwanda, Mwalimu, ikikosa reli na makaa, ni chuma kilichosimama tu kikisubiri kutu.

Guinea wamejifunza kitu kuhusu mpangilio huo. Mwaka 2022 serikali yao ilisimamisha kazi katika milima ya Simandou hadi makundi mawili ya wawekezaji yaliyokuwa yakitaka kila moja lijenge miundombinu yake yakubali reli moja na bandari moja, serikali ikiwa na hisa ya asilimia 15. Reli ya zaidi ya kilomita 600 ikajengwa, na Novemba 2025 uzinduzi ukafanyika. Hata hivyo jiwe linaondoka likiwa jiwe, kwa kuwa ni nono kiasi kwamba matanuru ya nje yanalipokea kama lilivyo. La Liganga halina hiari hiyo, na pengine, kwa namna ya ajabu, ndiyo nafasi yetu: hakuna atakayelinunua kwa bei nzuri likiwa ghafi, hivyo anayelitaka lazima azungumzie kiwanda.

Kwa hiyo nikirudi kwenye swali lako, ningeipokea njia ya serikali kwa serikali kwa Liganga, lakini ningetaka karatasi ya kwanza yenye nguvu ya kisheria isiwe ya mgodi. Iwe ya majaribio: maelfu ya tani za jiwe la Liganga, si gunia moja, zichimbwe kutoka sehemu mbalimbali za mlima, zichenjuliwe na kuyeyushwa katika kiwanda cha majaribio cha nchi mbia, wahandisi wa Kitanzania wakiwa zamu kwa zamu mbele ya tanuru, na matokeo yote yawe mali ya Tanzania hata kama mbia atajitoa kesho. Gharama yake ni ndogo sana ukilinganisha na dola bilioni 3, na taarifa hiyo ndiyo itakayosema kama tunahitaji tanuru la mvukuto, ambalo litatudai koki, au njia ya tanuru la mlalo na umeme, ambayo inaweza kutumia makaa ya kawaida. Makaa ya Mchuchuma yamepangiwa zaidi kuzalisha umeme, kwa hiyo moyo wangu umeelemea njia ya pili. Lakini moyo wa mhandisi si kipimo, na ndiyo maana nataka majaribio.

Taarifa hiyo pia itabadilisha mazungumzo ya umeme. Mwaka 2011 ilikuwa lazima mradi ujengewe mtambo wake, na bei ya umeme huo ikawa mwiba. Leo Bwawa la Julius Nyerere lina uwezo wa megawati 2,115, na njia ya kilovolti 220 ya Makambako hadi Songea, iliyojengwa kwa msaada wa Sweden, ina kituo Madaba, si mbali na kwenu. Tanuru la umeme linakula sana na halipendi kukatiwa, kwa hiyo njia hiyo peke yake haitoshi, ila kiwanda na mtambo wa makaa si lazima vizaliwe siku moja kama mapacha. Reli ndiyo iliyobaki. Mpango wa reli ya Mtwara hadi Mbamba Bay wenye matawi ya kwenda Mchuchuma na Liganga upo kwenye makaratasi kwa muda mrefu, na barabara ya zege ya Itoni hadi Ludewa, pamoja na uzuri wake, haiwezi kubeba chuma cha tani milioni 1 kwa mwaka bila kuchakaa. Hapa ndipo fedha ya serikali kwa serikali inapofaa kuliko mahali pengine popote, kwa sababu reli hulipa polepole na kampuni ya madini haina subira hiyo.

Yapo pia mambo mawili ya kisheria ambayo serikali mbia itayauliza siku ya kwanza, na ni afadhali majibu yawe tayari. La kwanza ni mgogoro ukitokea utaamuliwa wapi, kwa kuwa sheria yetu haitaki maliasili za nchi zipelekwe kwenye mabaraza ya nje. La pili ni nani mwenye titaniamu na vanadiamu. Mkataba ukitaja chuma tu, mavi yenye titaniamu yatahesabiwa kuwa takataka, na takataka za mtu huondoka bila mrabaha. Vanadiamu nayo, kiasi kidogo kinachoimarisha nondo, yaweza kuwa na thamani inayoamua kama mradi unapata faida au hasara. Ningependa kila kimoja kiandikwe kwa jina lake na kipimo chake, pamoja na maabara itakayopima.

Kuhusu fidia kwa wananchi wa Mundindi, Nkomang'ombe na vijiji jirani, malipo yalifanyika mwaka 2023 baada ya kusubiri kwa miaka mingi, na sitaongeza zaidi ya kusema kwamba mkataba wowote mpya usiruhusu tathmini ifanywe mwaka huu na malipo yaje baada ya muongo, hali shamba limezuiwa kuendelezwa.

Na wanafunzi wako. Huko ni kwa Wapangwa, watu walioyeyusha chuma kwa matanuru ya udongo na mivukuto ya mkono muda mrefu kabla ya mkataba wowote, kwa hiyo usiwafundishe kana kwamba elimu hii inawafikia kwa mara ya kwanza. Wape jiwe la Liganga, walitwange kwenye kinu cha chuma hadi liwe unga kama wa dona, walipime kwenye mizani ya maabara, kisha wapitishe sumaku iliyofungwa kwa karatasi ya nailoni na wapime kilichonasa. Watafurahi, kwa sababu unga mwingi utanasa, na wataandika kwamba wametenga chuma na uchafu. Hapo waulize titaniamu imekwenda wapi. Wengi watasema imebaki chini kwenye sahani. Waambie watwange tena, unga uwe laini zaidi, na wapitishe sumaku mara ya pili na ya tatu: sehemu kubwa ya titaniamu bado iko upande wa sumaku, kwa kuwa imekaa ndani ya punje zilezile za magnetaiti, katika nyuzi nyembamba ambazo kinu hakizifikii. Atakayeuliza "basi tuitoeje?" mwandike jina lake, umwonyeshe njia ya kwenda kusomea uhandisi wa kuchenjua na kuyeyusha madini, kisha uniandikie. Nitamjibu yeye mwenyewe.